Daftari Lililochanwa Jalada

Kasha, Bagira, tarehe 3 Machi 1984

Kwa Citoyenne Nsimire, mwalimu wa shule ya msingi, Walungu

Mwanafunzi wangu wa zamani,

Hutautambua mwandiko huu. Zamani ulinyooka kama mistari ya ubaoni. Sasa wino unakwenda unakotaka. Mimi ni Bisimwa, niliyekufundisha Kiingereza mwaka wa pili pale Institut ya ualimu, hapa Bukavu, 1972 hadi 1973.

Daktari amesema ini langu limekwisha. Hakuniambia mimi, alimwambia binti yangu Bibiane mlangoni, lakini masikio yangu bado mazima. Abbé Philémon alikuja kunipa sakramenti ya wagonjwa nikamwomba asubiri. Akauliza, «Tungoje nini tena, Papa?» Nikamjibu kwamba yuko mtu mmoja ambaye sijapatana naye. Akasema atarudi Alhamisi Kuu.

Mtu huyo ni wewe.

Unakumbuka mtihani wa mdomo, mwezi wa saba 1973. Nilikupa kadi yenye neno «short-sighted», yaani mtu asiyeona mbali. Nilikutaka uhesabu silabi, uonyeshe mkazo unapoangukia, useme neno lilivyoundwa. Ulijibu yote bila kosa. Nami nikakuandikia nne juu ya ishirini.

Nilikuonea, na sababu naijua. Miezi mitano kabla ya hapo, darasani, nililigonga neno hilohilo mezani kwa pete yangu, mara tatu, kila pigo sawa na jingine. Ukanyoosha mkono. «Papa Professeur, watu hawaisemake vile.» Nikakuuliza, «Sasa weye njo utanifundisha?» Ukagonga dawati lako: taratibu, kwa nguvu, taratibu. Kisha ukasema kwamba jina la kitu likifuata nyuma ya neno la sifa, ile nguvu inarudi mbele. Wanafunzi walicheka. Hawakukucheka wewe.

Mimi Kiingereza nilikipata kwa mapadri Wabelgiji, kwa kitabu na kwa kamusi. Wewe ulikulia Uganda, kwenye mashamba ya chai, ukakisikia kabla hujajua kuandika. Nilikuonea wivu, na nikakulipiza kwa ile nne.

Ninakuomba unisamehe. Mstari mmoja unatosha. Maman Eulalie, anayeleta maharagwe soko la Kadutu, atanifikishia.

Bisimwa Raphaël

*

Walungu, tarehe 14 Machi 1984

Papa Bisimwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani ukurasa mmoja umeanguka njiani. Nikamuuliza Maman Eulalie. Akaniapia: «Vile alinipa, njo vile nimekuletea. Ule muzee anaisha, amebaki macho tu.»

Basi ukurasa haukuanguka. Hukuuandika.

Unaungama ile nne. Nani alikuuliza habari za nne? Kwa nne mtu anarudia mwaka, na mimi niliurudia. Mimi nilifukuzwa, Papa. Kurasa tatu umeandika na neno hilo halimo. Wala halimo neno «daftari».

Nikukumbushe, labda ini limepanda kichwani. Kila mwanafunzi wa mwaka wa pili alitakiwa kuandika utafiti wake katika daftari. Langu lilikuwa la kurasa sitini, juu ya sifa za Kiingereza zilizounganishwa kwa maneno mawili: silabi zake, mkazo wake, namna zinavyoundwa. Nilikukabidhi mkononi mwezi wa tano, mlangoni pa ofisi yako. Mwezi wa saba mkuu wa jury ya watahini, Citoyen Ignace, akauliza: «Daftari ya huyu iko wapi?» Ukainua mabega. «Sijaiona.»

Masomo yalipoanza tena ulitoa silabasi yako mpya, ile iliyopigwa stensili na kusomwa na darasa zima. Niliifungua nikakuta kazi yangu ndani. Nikafanya upumbavu wa kitoto: nikaliandika daftari langu upya, kutoka kichwani, nikalipeleka kwa Citoyen Ignace kuonyesha kwamba nayajua kwa moyo. Wewe ukaweka silabasi yako kando ya daftari langu, ukasema, «Angalieni, amenakili neno kwa neno.» Mwezi wa kwanza 1974 nikafukuzwa kwa wizi wa kazi ya mwalimu.

Miaka kumi sasa nafundisha watoto a, e, i, o, u. Masista wanafungua sekondari hapa mwezi wa tisa. Walitaka kunipa Kiingereza. Inspekta aliomba faili langu Bukavu, na lile neno wizi likarudi nalo. Baraza la Institut linakaa mwisho wa mwezi wa tano. Likinisafisha, nitarudi kumaliza mwaka wangu na masista wataningoja. Lisiponisafisha, nitakufa na jina la mwizi.

Sitaki machozi yako. Nataka karatasi moja inayosema ukweli wote, yenye sahihi yako na muhuri wa ofisi ya serikali ya zone. Baada ya hapo omba msamaha kwa unayemtaka.

Nsimire

*

Kasha, tarehe 22 Machi 1984

Citoyenne,

Nilikuandikia kama mzee kwa mtoto wake, nawe unanijibu kama polisi. Sikutegemea hilo.

Madaftari yalikuwa themanini na tatu mwaka ule. Ofisi yangu ilivuja mvua. Kama lako lilipotea, nasikitika, lakini kupotea si kuibwa. Na kuhusu silabasi: sayansi si shamba lenye mipaka. Kanuni za mkazo zipo tangu Kiingereza kilipokuwapo. Wewe ulizikuta, mimi pia nilizikuta. Watu wawili wakipanda mlima mmoja wataona ziwa moja.

Silabasi ile imefundisha watu miaka kumi na moja. Leo Bibiane wangu ndiye anayeishika. Ni msaidizi pale Institut, na anaipenda. Unataka niandike nini kwa baraza? Kwamba binti yangu anafundisha kitu kilichookotwa?

Nimekuomba msamaha kwa jambo nililolifanya. Usinidai msamaha kwa jambo ulilolibuni.

Bisimwa

*

Walungu, tarehe 2 Aprili 1984

Papa,

Basi tufanye mtihani wa mdomo. Safari hii mimi ndiye niliyekaa upande wa jury.

Fungua silabasi yako, ukurasa wa thelathini na moja. Pale panaposema kwamba jina likiunganishwa na kitenzi, mkazo hukaa mwanzoni. Soma mfano wako wa kwanza. Utasoma «tea-stained». Silabi mbili, nzito mbele, nyepesi nyuma. Halafu sentensi inafuata: baba yangu aliniosha uso kwa mikono yake iliyotiwa madoa na chai.

Swali la kwanza. Baba yako alifanya kazi gani? Mimi ninajua, kwa sababu ulikuwa ukitutajia kila wiki: alikuwa katekista huko Kabare. Chai gani ilimtia madoa?

Swali la pili. Je, umewahi kuyaona madoa yenyewe? Si ya kikombe. Ni ya utomvu wa majani mabichi, meusi, yanaingia kwenye mistari ya viganja na hayatoki hata kwa majivu. Baba yangu alichuma chai miaka kumi na minne huko Uganda. Alizikwa na mikono ile.

Miaka kumi na moja vijana wa Bukavu wamekuwa wakiandika mikono ya baba yangu kwenye madaftari yao na kuambiwa kwamba ni ya Bisimwa. Hukubadilisha hata hilo. Ulikuwa mvivu kiasi hicho?

Usingoje kugongewa mezani. Jibu.

Nsimire

*

Kasha, tarehe 9 Aprili 1984

Nsimire,

Nimeshindwa mtihani. Hii hapa iliyokosekana.

Daftari ulinipa kweli. Jalada lilikuwa la buluu, na juu yake uliandika kwa wino mwekundu: Adélaïde N. Unajua hali ya wakati ule. Majina ya ubatizo yalikwisha kukatazwa, na mwalimu aliyepokea karatasi yenye jina la mzungu aliweza kuitwa ofisini kwa viongozi wa chama. Sote tulifanya vile: tulifuta, tulichana, tuliandika upya. Nililichana jalada lako siku ileile, mbele ya mwalimu mwenzangu, nikamwambia, «Hawa watoto watatufungisha.» Nilidhamiria kukuita uweke jalada jipya lenye jina lako la nyumbani. Naapa kwamba asubuhi ile nilidhamiria hivyo.

Kisha nikalisoma.

Nilianza nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Kufika ukurasa wa kumi nilikuwa nimeiweka chini. Uliandika kwamba mkazo ni kama mama anayebeba mzigo kwenye ngazi za Kadutu: mtu akimtangulia karibu, anauhamisha uzito ili asianguke. Miaka ishirini nilifundisha kanuni ile bila kuisikia, na binti wa miaka ishirini na mbili aliisikia akipanda sokoni. Nililishika lile daftari lisilo na jalada. Halikuwa na jina. Mtu yeyote angeliokota asingejua ni la nani.

Sikuliiba siku hiyo. Niliacha tu kukuita. Wiki ikapita, ikaja nyingine. Citoyen Ignace alipouliza, nilikuwa nimekwisha kuandika nusu ya stensili. Ile nne nilikupa ili urudie mwaka, unyamaze, ukate tamaa. Wivu niliokuandikia mwanzoni ulikuwa kweli, lakini niliuweka mbele ili ulifunike hili.

Uliporudi na daftari la pili, niliogopa. Mtu mwenye hofu husema haraka, na maneno yale, neno kwa neno, yalinitoka kabla sijafikiri. Baada ya hapo ningeweza kusema nilikosea. Ilikuwapo saa nzima ya majadiliano. Nilikunywa maji glasi mbili. Ulikuwa nje kibarazani. Nilikiona kivuli chako chini ya mlango.

Kuhusu sentensi ya baba yako: sikuibadilisha kwa sababu sikuweza kupata nyingine nzuri kama ile. Si uvivu. Laiti ingekuwa uvivu.

Sasa unajua yote. Lakini karatasi siwezi. Nikiisaini, Bibiane atasimama mbele ya wanafunzi wake akiwa na nini mkononi? Mama yake alikufa, nilimlea peke yangu, kazi ile ndiyo urithi wake. Nimekuambia ukweli wewe mwenye haki ya kuujua. Uridhike nao. Nisamehe, abbé anakuja tarehe kumi na tisa.

Bisimwa Raphaël

*

Kasha, tarehe 12 Aprili 1984

Madame Nsimire,

Papa alimwaga dawa kitandani. Nilipobadilisha mashuka nilikuta barua zako zote chini ya godoro, na nakala chafu ya ile aliyokuandikia Jumatatu. Nimesoma.

Sitakuuliza kama ni kweli. Nimefundisha ukurasa wa thelathini na moja miaka minne. Mwaka wa kwanza nilimuuliza Papa juu ya ile chai, akanifokea, na hajawahi kunifokea kwa jambo jingine.

Ila sikiliza na mimi. Mtu huyu hali chakula. Anakojoa damu. Barua zako zikifika halali siku mbili. Wewe unamfanyia mtihani wa mdomo! Ulikuwa wapi miaka kumi yote? Ulingoja ashindwe kusimama?

Nimemwambia Maman Eulalie kwamba akileta barua nyingine nitaitia motoni mbele yake. Achana na Papa. Mwache afe akiwa mwalimu.

Bibiane

*

Walungu, tarehe 15 Aprili 1984

Bibiane,

Miaka kumi nilikuwa mwizi. Mwizi akiandika barua, nani anaifungua? Niliandika Institut mara nne. Kwa baba yako niliandika mara mbili, 1975 na 1978. Muulize alizifanyia nini.

Unasema afe akiwa mwalimu. Mimi pia nataka kufa nikiwa mwalimu.

Usihangaike na moto. Siandiki tena. Jumatano asubuhi napanda gari la maharagwe pamoja na Maman Eulalie.

Nsimire

*

Kasha, Ijumaa Kuu, tarehe 20 Aprili 1984

Nsimire,

Uliondoka bila kuaga, na sikustahili kuagwa. Nakuandikia nikiwa nimelala, herufi zinapanda juu ya nyingine, utavumilia.

Niliwasikia mlangoni juzi, wewe na Bibiane. Alisema, «Papa analala.» Ukasema, «Muamshe. Miye alinitoa shuleni nikiwa macho.» Kwa mara ya kwanza tangu niugue nilitaka kucheka.

Ulipoingia nilikuomba unisamehe kwanza, kisha niandike. Ukasema, «Andika kwanza.» Nikauliza, na nikiandika, utanisamehe? Ukajibu kwamba hilo ni swali la mtu anayepatana bei sokoni. Ulisema kweli. Toka barua ya kwanza nilikuwa nikipatana bei. Nilikupa kidogo nione kama kitatosha, nikaongeza kidogo.

Uliona mwenyewe kalamu ilivyonianguka mara tatu. Uliona Bibiane alivyosema, «Miye siandike hii kitu.» Na kisha alivyoiokota kalamu, akaketi, akaniambia, «Sema, Papa. Sema mbio.» Sikuwahi kutoa imla ngumu kama ile, na ulimwenguni hakuna mwanafunzi aliyeandika bila kosa kama yeye. Nilipofika kwenye maneno «silabasi yote ni kazi ya Nsimire, toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho», hakusimama hata kwa nukta. Nilitia sahihi huku ameushika mkono wangu.

Uliitaka karatasi palepale. Bibiane akasema kwamba bila muhuri wa zone haina maana, na ofisi zingefungwa kwa Pasaka, kwamba ataipeleka mwenyewe. Ulimtazama kwa muda mrefu. Ukaenda. Imo kwenye mkoba wake tangu siku hiyo. Hasemi nami. Ananilisha, ananigeuza, hasemi. Sijui atafanya nini nayo, na sina nguvu ya kumlazimisha. Ni haki yako kujua kwamba sijui.

Barua zako mbili, ya 1975 na ya 1978, sikuzichoma. Nilizisoma, nikazigundisha tena na kuzirudisha posta nikiandika juu yake kwamba mtu huyo hajulikani hapa.

Abbé Philémon alikuja jana. Aliuliza, «Huyo mama amekusamehe?» Nikasema hapana. «Umefanya alichodai?» Nikasema nimetia sahihi. Alifikiri, kisha akanipaka mafuta paji la uso na viganja. Nilitegemea nitapumua. Sikupumua. Nadhani ndivyo inavyopaswa kuwa.

Sikuombi kitu tena. Hii ndiyo barua ya kwanza ninayokuandikia bila kuomba.

Bisimwa Raphaël

*

Bukavu, tarehe 29 Mei 1984

Nsimire,

Papa amefariki Jumapili, tarehe 27, saa nne za asubuhi. Hakuuliza habari za karatasi hata mara moja. Aliutazama mkoba tu, kila nilipoingia.

Nitakuambia, kwa sababu hukuniamini siku ile, na ulikuwa na haki. Nilikaa nayo karibu wiki nne. Mara mbili niliiwashia kiberiti. Mara ya pili ukingo wake ukashika. Utaona weusi pembeni, baraza pia waliuona wakauliza. Nilienda zone tarehe 14, nikapiga muhuri, nikampelekea Citoyen Ignace mkononi. Alisoma akiwa amesimama. Akasema, «Binti, unajua hii inakufanyia nini?» Nikasema ninajua.

Baraza limekaa jana, Papa akiwa bado hajazikwa. Kufukuzwa kwako kumefutwa. Mwezi wa kumi utarudi kumaliza mwaka wako. Karatasi ya baraza ya kuwaonyesha masista imo humu, imekunjwa. Silabasi imeondolewa hadi itakapopigwa upya kwa jina lako. Mimi wamenipa maktaba.

Kabla ya kuondoka niliingia darasani mara ya mwisho nikaandika jina lako ubaoni. Kijana mmoja akauliza, «Huyu ni nani?» Nikamjibu, ni huyu mnayemsoma.

Hayo nimefanya kwa sababu yalipaswa kufanywa. Usinishukuru. Sikupendi, na sidhani nitakupenda. Ulikuwa na haki ya kuja na ulikuja. Lakini mwezi wa mwisho wa Papa ulikuwa wangu, nawe uliuchukua.

Tunazika Alhamisi. Usije kwenye kilio. Watu watakupa kiti, na sitaki kukuona umekaa.

Bibiane

*

Walungu, tarehe 30 Mei 1984

Bibiane,

Nitakuja. Nitasimama.

Nsimire Adélaïde